Meza ya Bwana na Bendera ya Taifa

Kila tarehe 16 Desemba, saa sita kamili mchana, mwale wa jua hupenya tundu lililo juu ya kuba la jengo kubwa la mawe nje kidogo ya jiji la Pretoria, Afrika Kusini. Mwale huo hushuka hadi ukumbi wa chini na kutua juu ya kaburi la kumbukumbu lisilo na maiti. Jengo hilo ni Mnara wa Voortrekker, uliozinduliwa mwaka 1949, na waliolichora walipima pembe za jua kwa ustadi ili siku hiyo ya mwaka nuru iangukie maneno yaliyochongwa kwenye jiwe. Siku yenyewe ilikuwa ya ibada: ilikumbuka nadhiri ambayo mababu wa Makaburu walimwekea Mungu. Kwa hiyo mtu angetegemea kulikuta jina la Mungu pale jua linapotua. Halipo. Maneno yale yametolewa katika wimbo wa taifa wa wakati huo, na ni ahadi ya watu kujitoa kwa nchi yao.

Jiwe hilo linaonyesha kitu ambacho siku hizi huitwa utaifa wa Kikristo. Si kuipenda nchi yako. Kuipenda nchi ni jambo jema, na Mkristo anapaswa kuiombea. Utaifa wa Kikristo ni kuamini kwamba Mungu amefanya agano na taifa lako, au kabila lako, ambalo hakulifanya na wengine. Kwamba raia wa kweli ni yule wa imani yako na damu yako. Na kwamba dola ndiyo silaha uliyopewa kuulinda urithi huo. Huko Marekani, tarehe 6 Januari 2021, miongoni mwa watu waliovamia Bunge mjini Washington walikuwamo waliobeba bendera zenye jina la Yesu, na wengine wakasimama katika ukumbi wa Seneti wakaomba. Jirani zetu wa Zambia walitangaziwa na Rais Frederick Chiluba mwaka 1991 kwamba nchi yao ni taifa la Kikristo, na mwaka 1996 tamko hilo likaingia katika utangulizi wa katiba. Mambo haya mawili hayalingani kwa uzito, lakini yote yanatudai tujiulize: taifa likishajiita la Kristo, Kristo mwenyewe anabaki na nafasi gani ndani yake?

Mimi ni Mlutheri wa Morogoro, mwalimu wa kipaimara. Vijana wangu hunitumia kwenye WhatsApp video za wahubiri wa ng'ambo wanaohubiri huku bendera ya taifa imesimikwa kando ya msalaba. Huniuliza, "Mwalimu, mbona sisi hatufanyi hivi?" Nimeamua kuwajibu kwa kuwapeleka Afrika Kusini, kwa sababu huko utaifa wa Kikristo haukuishia mimbarini. Ulipata kila ulichokiomba: serikali, bunge, shule, polisi na mahakama, kwa zaidi ya miaka 40. Yesu alitufundisha kuutambua mti kwa matunda yake. Mti huu ulizaa, na matunda yake yanaonekana.

Nadhiri ya Mto Ncome

Desemba 1838, Makaburu wasiofika 500, wakiongozwa na Andries Pretorius, walikuwa Natal wakienda kupigana na jeshi la mfalme Dingane wa Wazulu. Mwezi Februari mwaka huo Dingane alikuwa amemwua kiongozi wao Piet Retief pamoja na wenzake, kisha akawashambulia wanawake na watoto makambini. Waliingia vitani wakiwa na uchungu wa kweli. Njiani walimwahidi Mungu kwamba akiwapa ushindi, wao na vizazi vyao wangeitunza siku hiyo kama Sabato, na wangemjengea nyumba ya ibada. Tarehe 16, kando ya mto Ncome, bunduki na mizinga vilikutana na mikuki. Wazulu wapatao 3,000 waliuawa. Upande wa Makaburu hakufa hata mmoja. Tangu siku hiyo wakauita mto ule Mto wa Damu.

Mtu anayeomba kabla ya vita simshangai. Zaburi zimejaa maombi ya namna hiyo. Shida ilikuja baadaye, nadhiri ya wapiganaji ilipogeuzwa kuwa hati ya kumiliki nchi. Kwa miaka mingi baada ya vita wengi hawakuiadhimisha siku hiyo. Ilifufuliwa siasa zilipoihitaji. Mwaka 1880, Makaburu wa Transvaal walipokusanyika Paardekraal kuuasi utawala wa Waingereza, waliirudia nadhiri. Mwaka 1938, miaka 100 baada ya vita, magari ya kukokotwa na ng'ombe yalisafiri kutoka Cape Town hadi Pretoria yakipita mji baada ya mji. Watu walivaa nguo za mababu, wakafunga ndoa na kubatiza watoto kando ya magari hayo. Kwenye kilele, Pretoria, walifika watu zaidi ya laki moja. Ubatizo, ambao kwa imani yetu humwingiza mtoto katika mwili wa Kristo, hapo ulikuwa unamwingiza katika msafara wa taifa. Miaka kumi baadaye msafara huo ulishinda uchaguzi.

Udhaifu wa baadhi ya watu

Anayeianza habari hii vitani anaikosa nusu yake. Nusu ya pili ilianzia kanisani, kwa upole, mbele ya meza ya Bwana.

Mwaka 1829, sinodi ya Kanisa la Matengenezo la Kiholanzi katika koloni la Cape ilipokea shauri kutoka Somerset West. Baadhi ya washarika wazungu hawakutaka kula chakula cha Bwana pamoja na Mkristo asiye mzungu. Sinodi ilijibu bila kigugumizi kwamba ushirika utolewe kwa washarika wote kwa pamoja, bila kujali rangi wala asili, kwa kuwa kanuni hiyo inasimama juu ya Neno la Mungu.

Miaka 28 baadaye, mwaka 1857, shauri la namna hiyo hiyo lilirudi. Safari hii sinodi ilianza kwa kusema kwamba ni vema, na ni sawa na Maandiko, waongofu wapokelewe katika sharika zilizopo. Kisha ikaongeza kwamba pale ambapo jambo hilo linaizuia kazi ya Kristo kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, waongofu wapewe huduma zao katika jengo jingine.

Uamuzi huo haukutamka chuki. Hakuna aliyesimama akasema Mwafrika si mtu. Palikuwa na watu dhaifu, wasioweza kuvumilia kuona mkono mweusi ukishika kikombe watakachonywea wao, na kanisa likaamua kuwachukulia. Lakini tazameni ni nani aliyelipa gharama ya udhaifu huo. Aliyeambiwa atoke hakuwa mwenye udhaifu. Alikuwa yule aliyekataliwa. Mwaka 1881 likaundwa kanisa zima la pembeni, Kanisa la Misheni, kwa ajili ya waliopewa jina la machotara, na baadaye yakafuata mengine kwa Waafrika na kwa Wahindi. Kilichoanza kama ruhusa ya mahali fulani kikawa desturi ya nchi nzima, desturi ikawa fundisho, na fundisho likatafutiwa mistari ya kuliegemeza.

Mistari ilipatikana. Mnara wa Babeli katika Mwanzo 11 ulisomwa kama ushahidi kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewatenga watu kwa lugha, kwa hiyo kuwachanganya ni kumpinga. Hotuba ya Paulo kule Athene, katika Matendo 17, inasema Mungu aliwafanya wanadamu wote kutoka kwa mmoja, kisha akawawekea mipaka ya makao yao. Wanateolojia wa utengano wa rangi, yaani apartheid, waliikimbilia mipaka, wakaupita ule mwanzo mmoja kama hawakuuona.

Lipo andiko moja linaloingia moja kwa moja katika shauri la 1857. Katika Wagalatia 2, Paulo anasimulia yaliyotokea Antiokia. Petro alikuwa akila pamoja na Wakristo wasio Wayahudi. Wakaja watu kutoka Yerusalemu, watu ambao dhamiri zao hazikuruhusu meza ya namna hiyo, na Petro kwa kuwaogopa akajitenga. Wengine wakamfuata, hata Barnaba. Ulikuwa udhaifu wa baadhi ya watu, ule ule wa 1857. Paulo hakupendekeza meza mbili. Alimpinga Petro uso kwa uso mbele ya wote, akisema mwenendo huo hauendi sawa na kweli ya injili. Kwa Paulo, kujitenga mezani lilikuwa jambo linaloigusa injili yenyewe, kwa sababu kama Kristo amenipokea bure, sina haki ya kumdai mwenzangu nauli ya damu au rangi kabla hajaketi nami.

Wachungaji walipoingia ikulu

Mwaka 1948 Chama cha Kitaifa kilishinda uchaguzi. Waziri mkuu mpya, D. F. Malan, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Matengenezo la Kiholanzi kabla hajaiacha mimbari mwaka 1915 na kwenda kuhariri gazeti. Mwaka huo huo wa uchaguzi ulitangazwa mpango wa elimu ulioitwa kwa jina lake kamili elimu ya Kikristo ya kitaifa. Mwaka 1949 ndoa kati ya wazungu na wasio wazungu zilipigwa marufuku kwa sheria, jambo ambalo viongozi wa kanisa walikuwa wamekwisha kuliomba serikalini. Mwaka 1950 kila mtu aliandikishwa kwa rangi yake, na miji ikagawanywa kwa rangi. Mwaka 1953 elimu ya Waafrika ikawekwa chini ya serikali ili iwaandae kwa utumishi.

Kanisa na dola vilikuwa vimefungana hadi ndani ya familia. John Vorster, waziri mkuu kuanzia 1966, alikuwa na kaka mchungaji, Koot Vorster, aliyechaguliwa mwaka 1970 kuongoza sinodi kuu ya kanisa. Na utangulizi wa katiba ya mwaka 1983 ulianza kwa kumnyenyekea Mungu Mwenyezi, ukasema kwamba ndiye aliyewakusanya mababu kutoka nchi nyingi na kuwapa nchi hiyo iwe yao. Mababu waliokusanywa kutoka nchi nyingi ni wale waliokuja kwa meli. Mababu waliokuwa wakilima na kuchunga pale kabla ya meli hawamo katika sala hiyo. Sheria iliyotungwa kwa magoti iliwatoa wenyeji katika historia ya Mungu.

Haya kwangu si mambo ya vitabuni tu. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, chama cha ANC, eneo la Mazimbu, nje kidogo ya mji wetu wa Morogoro, lililokuwa shamba la mkonge. Wakajenga shule, na baadaye ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa ANC aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na makaburi ya waliofia uhamishoni yangali pale. Mama yangu alikuwa akiwauzia mchicha na nyanya, nami nilikuwa mtoto wa shule ya msingi.

Kijana mmoja wa Mazimbu alizoea kuja nyumbani, na Jumapili moja akafuatana nasi kanisani. Ilikuwa Jumapili ya ushirika. Mchungaji aliyehudumu alikuwa mmisionari, mzungu. Washarika walipoanza kwenda mbele, kijana hakuinuka. Alikaa ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili, macho yakiwa kwenye reli ya altare. Pale walikuwa wamepiga magoti mzee mmoja mlinzi wa ghala, mama yangu, na baada yake mke wa yule mmisionari. Kikombe kilipita kutoka kinywa hadi kinywa, mchungaji akifuta ukingo kwa kitambaa cheupe na kukizungusha kidogo kabla ya kumpa anayefuata.

Tulipokuwa njiani kurudi, mama akamwuliza, "Mwanangu, mbona hukuja mezani? Hujabarikiwa?"

Akajibu kwa Kiswahili chake cha Mazimbu, "Nimebarikiwa, Mama. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Lakini sijaona hata siku moja mzungu anakunywa nyuma ya mtu mweusi. Nilitaka kwanza niangalie mpaka mwisho."

Mama akamwambia, "Basi ushirika ujao utapiga magoti karibu nami."

Kijana yule alikuwa Mkristo, mtoto wa Wakristo, kutoka nchi iliyomtaja Mungu ndani ya katiba yake. Na jambo jepesi kuliko yote katika imani yetu, watu wawili kunywa kikombe kimoja, lilikuwa kwake kitu cha kukodolea macho.

Waliosema hapana

Tukisema kwamba Ukristo ndio ulioleta utengano, tutakuwa tumesema nusu. Wengi walioupinga waliupinga kwa sababu ya Ukristo wao, na baadhi yao historia yetu inawafahamu.

Trevor Huddleston, padre Mwingereza, alihudumu Sophiatown, Johannesburg, kuanzia 1943. Askofu Desmond Tutu alisimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa mtoto akamwona padre huyo akimvulia kofia mama yake, mwanamke mfanyakazi wa kawaida. Mzungu kumsalimu mama mweusi kwa heshima lilikuwa jambo lisilowahi kuonekana, na Tutu hakulisahau maisha yake yote. Februari 1955 serikali ilianza kuwahamisha wakazi wa Sophiatown kwa malori na askari. Ikabomoa nyumba, ikajenga mtaa wa wazungu na kuupa jina lenye maana ya ushindi. Huddleston alipinga hadi shirika lake likamrudisha Uingereza. Mwaka 1960 akaja kwetu kuwa askofu wa Masasi, akakaa hadi 1968. Wazee wa kusini bado wanamkumbuka.

Geoffrey Clayton, askofu mkuu wa Kianglikana wa Cape Town, alikuwa mtu wa namna nyingine. Hakupenda kelele, na njia za Huddleston zilimkera. Lakini mwaka 1957 serikali ilipeleka bungeni muswada wenye kifungu cha kumpa waziri uwezo wa kuwazuia Waafrika kusali katika makanisa yaliyo maeneo ya wazungu. Miaka 100 kamili baada ya uamuzi wa 1857, jengo la pili lilikuwa linadai kuwa sheria ya nchi. Siku ya Jumatano ya Majivu, tarehe 6 Machi, Clayton alitia sahihi barua kwa waziri mkuu akisema hawezi kuitii sheria hiyo wala kuwashauri watu wake waitii. Kesho yake alifariki. Mtu aliyetumia maisha yake kuepuka ugomvi na serikali alimaliza kazi yake duniani kwa kukataa kufunga mlango wa kanisa.

Oliver Tambo, ambaye baadaye aliongoza ANC uhamishoni na kufika Mazimbu mara nyingi, alikuwa mwalimu na Mwanglikana mcha Mungu. Alikuwa amekubaliwa kujiandaa kwa upadre pale polisi walipomkamata kwa kesi ya uhaini, Desemba 1956. Taifa lililojiita la Kikristo lilimtoa njiani kuelekea altareni likampeleka kizimbani.

Ninayemtafakari zaidi ni Beyers Naudé, kwa sababu alikuwa mtoto wa ndani. Baba yake alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Broederbond, chama cha siri cha Makaburu kilichoundwa mwaka 1918, na yeye mwenyewe alijiunga nacho akiwa na umri wa miaka 25. Alikuwa mchungaji wa usharika wa Aasvoëlkop mjini Johannesburg na kiongozi wa sinodi ya jimbo. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwapiga risasi waandamanaji Sharpeville, wakaua watu 69. Desemba mwaka huo makanisa yalikutana Cottesloe, wakiwamo wajumbe wa kanisa lake, na yakakubaliana kwamba hakuna mwamini wa Kristo anayeweza kufungiwa mlango wa kanisa lolote kwa ajili ya rangi yake. Waziri mkuu Hendrik Verwoerd alichukizwa hadharani. Mwaka 1961 sinodi zikayakana maazimio ya wajumbe wao wenyewe. Naudé hakuyakana. Mwaka 1963 aliambiwa achague kati ya uchungaji wake na kazi yake mpya ya kuwaunganisha Wakristo wa rangi zote. Alihubiri kutoka Matendo 5, pale mitume wanapokataa kumtii mwanadamu kuliko Mungu, kisha akaachia uchungaji. Kuanzia 1977 hadi 1984 alipigwa marufuku: hakuruhusiwa kukutana na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, wala magazeti kunukuu maneno yake. Kutaniko la mchungaji likawa mtu mmoja mmoja.

Aliyetolewa nje ndiye aliyekiri

Mwaka 1982 muungano wa kimataifa wa makanisa ya Matengenezo ulikutana Ottawa, Kanada, ukatamka kwamba kuuhalalisha utengano kwa Biblia ni uzushi. Mwaka huo huo lile Kanisa la Misheni, lililozaliwa kwa kutolewa nje, lilikutana Belhar, karibu na Cape Town, likaandika ukiri wa imani. Lilikiri kwamba umoja wa kanisa ni zawadi na pia ni wajibu, kwamba Mungu amelikabidhi kanisa ujumbe wa upatanisho, na kwamba yeye husimama pamoja na maskini na wanaodhulumiwa. Ukiri huo ulipitishwa rasmi mwaka 1986. Pamoja nao waliandika barua isiyo na matusi wala kujitapa. Waliosukumwa nje mwaka 1857 ndio walioirudisha imani ya 1829.

Pasaka ya 1985, Rais P. W. Botha alialikwa Moria, kwenye mkutano mkubwa wa Zion Christian Church, akauhutubia umati kwa Warumi 13: kila mtu aitii mamlaka. Septemba mwaka huo wanateolojia zaidi ya 150 walitia sahihi Waraka wa Kairos, wakaonyesha kwamba kulitumia andiko hilo kubariki kila amri ya dola ni kuifanya dola kuwa mungu. Miongoni mwa waliouongoza waraka huo alikuwamo Frank Chikane, mchungaji wa Kipentekoste, ambaye amesimulia kwamba alipoteswa kizuizini, mmoja wa waliosimamia mateso yake alikuwa shemasi wa dhehebu lake mwenyewe, upande wa wazungu. Shemasi na mchungaji, ubatizo mmoja, Bwana mmoja. Utaifa ulikuwa umemfundisha yule shemasi kwamba undugu wa damu na bendera unatangulia undugu wa ubatizo.

Mwaka 1986 Kanisa la Matengenezo la Kiholanzi lenyewe lilianza kukiri kwamba Biblia haiuungi mkono utengano, na baadhi ya waumini wakajitenga mwaka uliofuata kwa kukasirishwa na hilo. Novemba 1990, kwenye mkutano wa makanisa mjini Rustenburg, mwanateolojia Willie Jonker alisimama akaungama dhambi hiyo kwa niaba yake na ya kanisa lake, na Tutu akainuka kuipokea toba yake. Tangu 1995, tarehe 16 Desemba ni Siku ya Upatanisho.

Swali la kuuliza kwetu

Vijana wangu huniuliza kama maana yake ni kwamba Mkristo asiguse siasa. Hapana. Clayton, Naudé na Tutu waliigusa hadi ikawaunguza. Tofauti iko katika upande imani inakosimama. Manabii walikwenda kwa wafalme kumsemea mjane, yatima na mgeni. Utaifa wa Kikristo humwendea mfalme kuomba ulinzi dhidi ya mgeni. Pale jangwani shetani alimwonyesha Yesu milki zote za dunia, naye akazikataa. Mbele ya Pilato alisema ufalme wake si wa dunia hii. Na kule Nazareti, alipowakumbusha watu wa kwao kwamba Eliya alitumwa kwa mjane wa Sidoni na Elisha akamtakasa Naamani wa Shamu, walitaka kumtupa kutoka ukingo wa mlima. Kilichowakasirisha ni kusikia kwamba Mungu wao ni wa wengine pia.

Wala tusidhani hayo ni ya Makaburu peke yao. Jirani zetu wa Rwanda mwaka 1994 waliona waliobatizwa wakiwaua waliobatizwa, hata ndani ya makanisa kama la Ntarama na la Nyamata. Na sisi tumeshuhudia vikao vya kanisa ambako jina la mtu linapimwa kwanza kwa kabila lake, ndipo linapimwa kwa imani yake. Hakuna anayeliita jambo hilo chuki. Husemwa kwa sauti ya busara: watu hawajawa tayari, tusiwakwaze, tuwape wao kanisa lao. Sinodi ya 1857 ilizungumza kwa sauti hiyo hiyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana ni hili. Bendera yetu naipenda, na mahali pake panajulikana: bungeni, shuleni, uwanjani, juu ya jeneza la askari aliyeilinda nchi. Kando ya msalaba haina kazi, kwa sababu mezani pa Bwana anakaribishwa yeyote aliyebatizwa, awe raia au mkimbizi, awe wa kabila langu au la adui wa babu yangu. Mhubiri akiwaambia taifa lenu ni la Kikristo, msibishane naye juu ya katiba. Mwulizeni ni nani anayeambiwa asubiri nje ili wengine wale kwa raha. Na siku kanisa lenu litakapotakiwa kuchagua kati ya wenye udhaifu na waliokataliwa, simameni na waliokataliwa, siku hiyo hiyo, kabla jengo la pili halijawekewa msingi.